Kukatakata Matawi Si Kumrahisishia Opereta Kazi

Kila kusi inapovuma kwa nguvu na kuangusha matawi ya miembe na makuti ya minazi hapa Malindi, wateja wa lori letu la kuzoa matawi kwa mkono wa chuma hunipokea kwa maneno yale yale: "Tumeshakatakata vipande vidogo vidogo ili lori lenu lipakie upesi." Nimeyasikia Shella, Maweni na Barani, kwa wenye nyumba na kwa wasimamizi wa hoteli, na mara nyingi hufuatwa na ombi la kupunguziwa bei. Ingefaa zaidi bei iongezwe, kwa kuwa rundo la namna hiyo huchukua muda mrefu kupakiwa kuliko matawi ambayo hayajaguswa kabisa.

Kucha zilizo kwenye ncha ya mkono wa lori zimeundwa kubana vitu virefu. Tawi la mita 2 au 3 hubanwa karibu na katikati, likatulia, na hunyanyuka pamoja na wenzake, ilhali vipande vya nusu mita hupenya baina ya kucha na kumwagika kabla mkono haujafika juu ya bodi. Kwa hiyo acheni matawi yawe marefu, mradi yasizidi urefu wa bodi ya lori, na myalaze sambamba, ncha zote zilizokatwa zikielekea barabarani. Yakipishana, vitawi vyake hushikana, na opereta anayetaka kuinua mawili hujikuta akiburuta rundo zima pamoja na ua wa jirani. Makuti nayo hupangwa hivyo hivyo. Zaidi ya kuyapunguza yanayozidi bodi, mkato pekee ninaouomba ni wa kutenganisha panda kubwa zinazolizuia tawi kulala chini. Kwa mengine yote, shoka na msumeno vipumzike.

Wala msifunge mizigo kwa kamba au waya, hata kama inapendeza macho. Kamba hunasa kwenye kucha, na mtu hulazimika kwenda kuinasua kwa mkono, yaani kuingia mahali ambapo hakuna mtu anayestahili kuwapo.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo hasa. Vipande vidogo vinavyodondoka huwaita watu. Mtunza bustani mwenye moyo mwema huona vimebaki, huinama kuvikusanya na kuvisukumia kwenye kucha, na ukimkemea hujibu kwamba opereta anamwona. Opereta hamwoni. Akishanyanyua mzigo, matawi yenyewe humkinga asione kilicho nyuma yake, na macho yake yako kwenye kucha, bodi na waya zilizo juu. Isitoshe, tawi lililopinda kwa kubanwa linaweza kufyatuka, na mzigo unaoning'inia huyumba mkono unaposimama ghafla. Kila asiye opereta akae mita 10 au zaidi kutoka kwenye mkono, upande ambao opereta anamwona, na asipite kamwe chini ya mzigo. Masalio yafagiliwe baada ya mkono kulazwa na opereta kuachia vidhibiti na kutoa ishara, si kabla.

Wengine huamini kwamba umeme hauna hatari hadi mkono uguse waya, na kwamba matairi ya mpira yatawalinda. Yote mawili si kweli. Umeme wa njia za volti 11,000 na 33,000 unaweza kuruka hewani hadi kwenye chuma kilichosogea karibu mno, tawi bichi lenye maji huupitisha, na lori lililoguswa na waya linaweza kumuua anayelishika akiwa amesimama ardhini. Rundo lisiwekwe chini ya nyaya hata kidogo. Waya ukiguswa, opereta abaki kwenye kiti chake isipokuwa moto umezuka, walio nje wasisogee karibu, na Kenya Power wapigiwe simu wakate umeme.

Kuna pia wanaopapasa mpira wa haidroliki, yaani bomba linalopitisha mafuta ya kuendesha mkono wa lori, kwa kiganja wakitafuta panapovuja. Mafuta yenye shinikizo kubwa hutoboa ngozi na kuacha alama ndogo kama ya sindano, ambayo mtu huidharau wakati ndani nyama inaharibika. Aliyepatwa apelekwe hospitali mara moja, na mpira ukaguliwe kwa kipande cha kadibodi.

Rundo lililokaa wiki kadhaa likisubiri lori haliwi salama eti kwa sababu limekauka. Nyoka na nyuki hupenda kuhamia humo, basi lisichokorwe kwa mikono.

Mwisho ni mnyaa. Watu hung'oa ua wa mnyaa na kuuchanganya na matawi ya mwarobaini, wakidhani yote ni majani tu. Kucha zinapoubana, utomvu wake mweupe hurushwa, na ukiingia machoni huunguza vibaya hata kumfanya mtu asione kwa siku kadhaa. Mnyaa uwekwe rundo lake peke yake, na opereta aambiwe kabla hajawasha injini.