Ufunguo wa gari ulio kwenye simu hauhitaji bando

Wengi Nairobi huamini kwamba ukiegesha gari chini ya jengo Westlands na mtandao ukapotea, simu haitalifungua. Si kweli. Ufunguo umehifadhiwa katika chipu salama ya simu, inayowasiliana na gari moja kwa moja kwa NFC, yaani mawimbi ya redio ya masafa mafupi sana. Intaneti huhitajika unapomtumia mwenzako ufunguo, au ukilifungua gari kwa programu ukiwa mbali; hapo ndipo watu huchanganya mambo.

Gusisha simu kwenye kitasa, kisha iweke juu ya kisomaji ndani ya gari ndipo uwashe injini. Kava la chuma huzuia mawimbi, litoe. iPhone kuanzia XS, Express Mode (mpangilio wa kutumia ufunguo bila kuthibitisha kwa uso au nenosiri) ikiwa imewezeshwa, hufungua gari hata chaji ikiisha, kwa muda wa hadi saa 5. Ukiizima simu mwenyewe, imekula kwako.