Gari la taka halijaja tena: ujue linakwamia wapi kabla hujaenda kulalamika

Mi kazi yangu ni kupanga ratiba za magari ya taka hapa Dar, na kila siku ya gari ikihamishwa au mkandarasi akibadilishwa simu haziishi, "tunalipa kila mwezi gari hatulioni", "mlisema Jumanne leo Ijumaa", na kusema ukweli wananchi wengi wana haki kabisa.

Shida kubwa ni tripu. Dampo liko Pugu Kinyamwezi, sasa chukua gari linalozoa Tegeta au Bunju, likijaa inabidi likate mji mzima na foleni zake likamwage ndo lirudi, na mvua zikikolea kule dampo panakuwa tope tupu magari yanapanga mstari. Kwenye karatasi zimeandikwa tripu tatu, zinatoka mbili, siku nyingine moja, mtaa wa mwisho unaachwa. Kesho yake ratiba inaendelea kama kawaida, walioachwa hawatangulizwi, na hapo ndo mtu anakaa na viroba mlangoni mpaka majirani wanagombana. Hilo ni kosa la sisi tunaopanga, mwananchi hahusiki.

Halafu uzito. Taka za majumbani kwetu zaidi ya nusu ni za jikoni, maganda ya ndizi, ya viazi, machicha ya nazi, ugali uliolala, kiroba kikikaa siku nne na kikanyeshewa ukikinyanyua kinachuruzika maji meusi mpaka kwenye viatu vya kijana anayebeba. Gari linazidiwa uzito huku kwa macho bado lina nafasi. Ukiweza kumwaga maganda shambani au kuwapa wenye mifugo, mfanye hivyo.

Ila badiliko linaloniuma zaidi ni hili la gari kuishia barabara ya lami, eti kila mtu apeleke taka zake pale. Bibi wa miaka sabini anabebaje? Anamwita mtu wa guta, anamlipa, na ada ya mwezi analipa vilevile, yani mara mbili kwa kiroba kimoja, na wa guta akikuta gari limeshaondoka kiroba kinaishia mtoni Msimbazi. Kama gari haliingii ndani basi gharama ya guta iwe ndani ya ada, sioni njia nyingine ya haki.

Na msikate tamaa kwamba kulalamika hakusaidii, wakazi wa Tabata waliishtaki halmashauri ya jiji Mahakama Kuu, kesi ya mwaka 1988, kisa dampo la mtaani kwao, na wakashinda. Kwahiyo andikeni tarehe gari lilipokosa, tunzeni risiti, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa mkiwa wengi mkaulize mkataba unasema gari lije mara ngapi kwa wiki na mtaa wenu umepangwa tripu ya ngapi. Mkiambiwa ya tatu, dai mzunguko, wiki hii mwanzo wiki ijayo mwisho, hilo halihitaji hela wala gari jipya.