Shule zikifunguliwa, mweleze mwalimu unachokijua kuhusu mwanao

Kila Januari malalamiko yanayofika ofisi za ustawi wa jamii za halmashauri yanafanana: mtoto anapiga wenzake, anatoka darasani bila ruhusa, mzazi ameitwa shuleni mpaka amechoka. Ukifuatilia unakuta mzazi alilijua tatizo tangu darasa la awali, akanyamaza kwa kuhofia mwanawe atakataliwa. Hofu hiyo tunaielewa. Ila mwalimu mwenye watoto zaidi ya 70 darasani hana namna ya kubahatisha.

Muone mwalimu wa darasa, pamoja na mwalimu wa malezi, kabla masomo hayajachanganya. "Ni mtundu" hakumsaidii. Kinachomsaidia ni kama hiki: "Akikatizwa mchezo ghafla hupiga kelele, ila akiambiwa mapema kwamba zimebaki dakika tano, huacha mwenyewe." Kama anatumia dawa, taja jina lake na saa za kuinywa.

Tafadhali usiende kusema, "Mwalimu, huyu mchape tu, nimeruhusu." Ruhusa hiyo si yako kuitoa. Kwa Tanzania Bara, kanuni za viboko shuleni zinataka kosa liwe kubwa. Anayechapa awe mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Viboko visizidi 4. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo shule haina. Na kila tukio liandikwe katika daftari maalumu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na aliyechapa. Anayekiuka huchukuliwa hatua za kinidhamu. Aidha, kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hakihalalishi adhabu iliyopita kiasi kwa umri na hali ya mtoto kimwili na kiakili, wala adhabu kwa mtoto asiyeweza kuelewa lengo lake. Kukiuka ni kosa la jinai: faini, kifungo au vyote viwili.

Hata tukiiweka sheria kando, yuko mtoto anayeduwaa ghafla katikati ya imla. Kalamu imesimama, macho yametazama pasipo kuona, kwa sekunde kama kumi, kisha anaendelea na maneno mawili yamempita. Mwalimu anaona kiburi, kumbe huenda ni aina ya kifafa. Mwingine masikio yanatoka usaha, hasikii anapoitwa. Kwa hiyo kabla ya kutaja majini na laana za ukoo (na tunatajiwa, kila mwaka), anzia zahanati.

Wapo pia wanaokuja na jina la ugonjwa walilolipata mtandaoni. Mtoto kuchangamka si ugonjwa. Ili mtaalamu aseme mtoto ana tatizo la utulivu na umakini, dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6, zimeanza kabla ya miaka 12, na zinaonekana katika mazingira zaidi ya moja, si shuleni tu.

Upimaji ukihitajika, mwalimu mkuu humwandikia afisa elimu maalumu wa halmashauri. Omba nakala ya barua. Mtoto akiumizwa, piga 116 bila malipo.

Na mwalimu wa darasa akihamishwa katikati ya mwaka, rudi ukamweleze anayeingia. Usitegemee kwamba aliyeondoka alimwachia maelezo.