Je, wajua kwa nini kinga ya mwili humgeuka mwenyewe?

Kinga haipotei njia kwa ajali. Hatari hiyo imo ndani ya namna inavyoundwa.

Seli T, askari wakuu wa kinga, hukomaa katika thaimasi, tezi ndogo iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Humo kila seli hupata kipokezi chake, yaani sehemu ya kunasia adui, na mwili haupangi kitanasa nini: huchanganya vipande vya jeni kama mtu anayechanga karata. Kwa nini kubahatisha? Kwa sababu virusi vya kesho havijulikani sura. Lakini katika kubahatisha huko hutoka pia seli zinazonasa viungo vyetu wenyewe. Thaimasi huziua nyingi, chache hupenya.

Zikiua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, hicho ni kisukari cha aina ya kwanza. Vita vikihamia kwenye viungio, ni baridi yabisi.

Ajabu ni kwamba hata mtu mzima wa afya anazo seli hizo korofi. Mbona haugui? Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani alionyesha kuwa zipo seli T nyingine ambazo kazi yake ni kuzituliza. Mwaka 2001, Mary Brunkow na Fred Ramsdell nchini Marekani, wakichunguza panya wenye ngozi ya magamba waliokufa wakingali wachanga, waligundua hitilafu katika jeni iitwayo Foxp3. Baadaye ikajulikana kuwa ndiyo inayoziongoza seli tulizi. Watatu hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2025.

Dawa za kawaida, kama steroidi, hupunguza makali ya kinga yote, nzuri na mbaya, ndiyo maana mgonjwa hushikwa na maambukizi upesi. Sasa wapo wanaojaribu kuzikuza seli tulizi na kumrudishia mgonjwa.

Njia nyingine, kwangu ndiyo ya kusisimua zaidi, ilitumika Erlangen, Ujerumani. Mwaka 2021 madaktari waliripoti kuhusu msichana mwenye lupasi, ugonjwa ambao seli B, aina nyingine ya seli za kinga, hutengeneza kingamwili (protini za kunasa adui) dhidi ya mwili wenyewe. Walichukua seli T zake, wakazibadilisha jeni ziwinde seli B, wakamrudishia. Lupasi ikatulia. Tiba hii ni ghali na huandaliwa kwa kila mgonjwa peke yake. Mwaka uliofuata waliripoti wagonjwa watano: seli B zao zilirudi baada ya miezi michache, nyingi zikiwa changa, na lupasi haikurudi nazo.