Gita la Hawaii: sio kila pigo ni pole pole, sio kila huzuni ni maina

Watu wakisikia lile gita la Hawaii la kuteleza, halina muimbaji, basi ishakuwa: tempo (kasi) ya kinyonga, ki (safu ya noti wimbo unapojengwa) ya maina, ile inayosikika kihuzuni tofauti na meja inayochangamka, mudi (hisia) ya msiba. Jamani hapana. Tuanze na maina maana ndo inayoshikiliwa kweli kweli.

Dhana: linahuzunisha, kwa hiyo liko maina.

Nyimbo za Hawaii kwa sehemu kubwa ziko meja, na gita lenyewe linakusukuma huko huko. Chukua tuni (jinsi nyuzi zinavyokazwa) ya zamani ya A, nyuzi zinaenda E A E A C# E: zipige wazi unapata A meja, laza chuma, kile kipande unachotelezesha juu ya nyuzi, kwenye freti (kigawanyo cha shingo ya gita) ya 5 unapata D meja, sogea ya 7 una E meja, yaani kodi tatu (noti zinazolia pamoja) zinazobeba wimbo mzima hizo hapo na zote meja, ukitaka maina ndo uanze kuchagua nyuzi au kulaza chuma mshazari. Hata "Aloha ʻOe" ya Liliʻuokalani, malkia wa mwisho wa Hawaii, iko meja, na kuna wanaoamini aliitunga kuulilia ufalme wake, wakati aliitunga 1878 na mapinduzi yalikuja 1893, ni wimbo wa wapenzi wanaagana tu.

Sasa huzuni inatoka wapi? Mkononi. Chuma hakitui kwenye noti moja kwa moja, kinaanzia chini yake kidogo, kinapanda, kikifika kinatetemeshwa, unasikia kama mtu anayejikaza asilie. Alafu ikaja tuni ya C6, C E G A C E, angalia vizuri: nyuzi tatu nene ni C meja, tatu nyembamba ni A maina, chuma kiko palepale hakijasogea hata kidogo! Utamu na simanzi vinakaa freti moja, ndo maana ukiulizwa mudi yake unabaki unababaika.

"Sleep Walk" je? Hiyo ni ya 1959, Santo & Johnny, ndugu wawili wa Brooklyn wala sio Wahawaii, ilishika namba moja Marekani. Nayo iko C meja. Inazunguka kodi za C, Am, Fm, G (hiyo m ndogo ni maina), na inayochoma ni hiyo Fm, kwa sababu ndani ya C ulitegemea F ya kawaida yenye A, badala yake A imeshushwa nusu hatua, yaani hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili. Noti moja tu!

Dhana: lazima iwe pole pole.

Nani kasema? Kamsikilize Sol Hoʻopiʻi, mpigaji wa gita hili wa miaka ya 1920 na 30, jamaa anakimbia na jazi mpaka unajiuliza chuma kinasimama saa ngapi. "Hilo March" nayo jina linajieleza, ni muziki wa gwaride. Ila hata zile pole watu wanazipimia vibaya, maana nyingine kila biti imegawanywa tatu tatu, apu ya simu ya kupima tempo ikihesabu vile vipande vidogo inakuletea namba mara tatu ya ukweli. We piga mguu chini pale mwili unapotaka, hiyo ndo tempo.

Kuna na wanaochanganya steel, ndo hili letu la kuteleza, na slack key, hii napita haraka: steel unalipakata limelala unateleza na chuma, Joseph Kekuku wa Oʻahu ndo anayetajwa kulianzisha mwishoni mwa karne ya 19. Slack key unashika gita kawaida, umelegeza nyuzi, unadonoa na vidole, mara nyingi D G D G B D. Mpigaji wa Hawaii Gabby Pahinui aliyaweza yote mawili.

Dhana: ki iliyoko kwenye rekodi ndo waliyopigia.

Santuri za zamani hazikuzunguka zote 78 kwa dakika sawasawa. Ikichezwa haraka zaidi kwa kama asilimia 6, wimbo unapanda nusu hatua nzima na tempo inapanda nao, hata mudi inachangamka kidogo. Kwa hiyo ukikuta wimbo umeganda katikati ya A na A# usilitese gita lako, shusha spidi ya rekodi kwanza, ila tumia programu inayoshusha spidi na ki kwa pamoja, zile zinazopunguza spidi peke yake hapa hazisaidii kitu.