Nabii Hakuwa Mtabiri wa Hali ya Hewa

Juma lililopita, mwishoni mwa somo la Agano la Kale ninalofundisha, niliulizwa tena swali ambalo nimelisikia kwa miaka mingi: je, Yona si nabii wa uongo, maadamu alitangaza kwamba Ninawi utaangamia na mji haukuangamia? Aliyeuliza hakuwa na nia mbaya. Hata hivyo, swali hilo limejengwa juu ya dhana inayonichosha, kwamba kazi ya nabii wa Kiebrania ilikuwa kutaja mambo yajayo, na kwamba tunampima kwa kulinganisha alichosema na kilichotokea.

Sehemu ya lawama naiweka kwenye lugha yetu. Biblia ya Union hutumia kitenzi “kutabiri” kwa kazi ya Amosi na wenzake, na kitenzi hicho hicho ndicho tunachokisikia redioni mvua zinapokaribia. Msikilizaji ana kila sababu ya kuchanganyikiwa. Lakini maneno ambayo manabii hufungulia usemi wao, “ko amar”, yaani “hivi ndivyo asemavyo”, ni maneno ya mjumbe aliyebeba kauli ya mfalme wake, na mjumbe hupimwa kwanza kwa uaminifu wake kwa aliyemtuma.

Kuna neno jingine ambalo wasomaji hulipita mbio, nalo ni “laken”, kwa hiyo. Katika Mika 3 wanatajwa wakuu wanaohukumu kwa rushwa, makuhani wanaofundisha kwa ujira na manabii wanaoagua kwa fedha. Ndipo inapokuja “kwa hiyo”, na Sayuni, yaani Yerusalemu, unatangaziwa kwamba utalimwa kama shamba. Amosi naye anawataja waliouza maskini kwa jozi ya viatu, waliopunguza efa, kipimo cha nafaka, na kuongeza shekeli, uzito wa kupimia fedha, kabla ya kutaja adhabu yao. Hukumu imefungwa kwenye mashtaka, na anayeinukuu peke yake amekwisha kuichana hati katikati.

Sasa tazama yaliyompata Mika baada ya kufa kwake, kwa sababu hapo ndipo jambo lote linapofunuka. Yapata karne moja baadaye, mwanzoni mwa utawala wa Yehoyakimu, mfalme wa Yuda, Yeremia alisimama katika ua wa hekalu na kusema kwamba nyumba ile itakuwa kama Shilo, mahali patakatifu pa zamani palipoangamizwa. Makuhani na manabii wakataka auawe. Ndipo baadhi ya wazee wa nchi wakasimama, wakayanukuu maneno ya Mika Mmorashti kuhusu Sayuni kulimwa kama shamba, na wakayanukuu kwa heshima, ilhali siku hiyo Sayuni ulikuwa bado umesimama na wao wenyewe walikuwa wamesimama ndani yake! Kwa kipimo cha yule aliyeniuliza swali, Mika alikuwa amekosea kwa karne nzima. Wazee wale hawakuona hivyo hata kidogo: walisema kwamba mfalme Hezekia, wa siku za Mika, alimcha Bwana na kumsihi, na Bwana akayaghairi mabaya aliyoyanena. Kwao, tishio ambalo halikutimia lilikuwa ushahidi kwamba nabii alisikilizwa. Yeremia mwenyewe alikuwa ameyasikia hayo nyumbani kwa mfinyanzi, katika sura ya 18: taifa lililotajiwa kung'olewa likigeuka, Mungu hughairi, na taifa lililoahidiwa kujengwa likifanya maovu, ahadi nayo huondolewa. Nusu hiyo ya pili sisikii ikihubiriwa mara nyingi.

Kwa hiyo Yona. Mahubiri yake yote Ninawi ni maneno matano ya Kiebrania, na la mwisho, “nehpakhet”, linatokana na kitenzi kilichotumika kwa kupinduliwa kwa Sodoma, ambacho pia hutumika kwa Sauli kugeuzwa kuwa mtu mwingine. Sithubutu kusema kwamba Yona alikusudia maana zote mbili. Hasira yake katika sura ya 4 inaonyesha kwamba alitaka ile ya Sodoma. Lakini mji ulipinduka, na mfalme wake alikaa majivuni.

Yapo mahali ambapo maelezo haya yananibana, nami sitaki kuyaficha. Kumbukumbu la Torati 18:22 linasema kwamba neno lisipotukia, Bwana hakulinena. Walimu wengi husema kipimo hicho kinawahusu watabiri wa amani tu, wakitegemea jibu la Yeremia kwa Hanania, nabii aliyetangaza amani, katika sura ya 28. Napenda jibu hilo, lakini Kumbukumbu lenyewe haliweki mpaka huo, na si haki kuwaambia wanafunzi kwamba limeuweka. Ezekieli alitangaza kwamba Nebukadneza, mfalme wa Babeli, ataubomoa mji wa Tiro. Kisha katika sura ya 29, kwa tarehe tunayoihesabu kuwa 571 KK, anakiri kwamba jeshi la mfalme huyo halikupata ujira wowote kutoka Tiro, na kwamba litapewa Misri badala yake. Waliokihifadhi kitabu wangeweza kufuta mojawapo ya kauli hizo, lakini waliziacha zote mbili.

Amosi ndiye anayenisumbua zaidi. Katika maono mawili ya kwanza, ya nzige na ya moto, anaomba na Bwana anaghairi. Kuanzia ono la timazi haombi tena, na Samaria, mji mkuu wa Israeli, ukaanguka mwaka 722 KK. Je, mlango ulikuwa umekwisha kufungwa alipokuwa bado anahubiri Betheli? Mara nyingine nadhani ndiyo. Lakini katika 5:15 anasema “ulai”, huenda, Bwana atawahurumia mabaki ya Yusufu, yaani ya Israeli, na siwezi kuamini kwamba mtu wa ukali kama ule alitia neno hilo kwa kupamba.

“Ulai” hiyo hiyo imo katika Yeremia 36, mahali ambapo sababu ya kuandika maneno ya hukumu inatajwa waziwazi: huenda nyumba ya Yuda watasikia, wakarudi, wakasamehewa. Yehoyakimu alikuwa akiota moto katika nyumba ya wakati wa baridi gombo lilipokuwa likisomwa, naye kila zilipokwisha kurasa tatu au nne alizikata kwa kisu na kuzitupa motoni. Yeremia akamwita Baruku, mwandishi wake, wakaandika gombo lingine lenye maneno yote yale, na mengine mengi yakaongezwa.