Asta hupandwa kwa upepo wa kusi

Mbegu zangu za kwanza za maua ya asta nilizisia Januari, kaskazi ikivuma, kwa sababu pakiti ilisema zianzwe mapema mwakani. Ziliota vizuri. Kisha joto likapanda, nusu ya miche ikalala, na ile iliyosalia ikatoa ua mojamoja ikiwa na urefu wa shibiri. Kwa kupamba ukingo wa njia ya bustani yangefaa. Kwa shada la bibi arusi hapakuwa na bua la kushika.

Maelezo ya pakiti yaliandikiwa nchi zenye majira ya baridi kali, ambako watu husia ndani ya nyumba, hungoja theluji iishe, na siku za Juni huwapa mwanga wa saa kumi na sita au zaidi. Sisi wa Mombasa, yaani Mvita, tuko nyuzi 4 kusini ya ikweta. Siku yetu ndefu kabisa na fupi kabisa zinapishana kwa takriban nusu saa. Kwa hiyo kalenda ya pakiti niliiweka kando, nikaanza kufuata pepo: kaskazi ya joto, kisha kusi ya ubaridi. Machi joto la mchana hukaribia nyuzi 33, na asta huteseka. Agosti na Septemba, kusi ikiwa imetulia, mchana huwa nyuzi 28 au 29 na usiku hupoa. Hapo ndipo ua hili hufunguka likiwa limejaa. Kutoka mbegu hadi ua ni miezi mitatu na nusu hadi minne, basi hesabu kurudi nyuma: nasia kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wa Mei.

Ninayoizungumzia ni asta ya msimu mmoja, Callistephus chinensis, jamaa ya alizeti, asili yake China na Korea. Jina hilo la Kigiriki maana yake ni taji zuri mno. Ipo mimea mingine iitwayo asta, ya kudumu, yenye maua madogo madogo ya kujazia shada. Hiyo ina mambo yake.

Aprili na Mei ndipo mvua za masika, ambazo sisi wa Mvita twaziita mwaka, huanguka kwa nguvu. Trei za mbegu lazima ziwe chini ya paa. Nachekecha mboji na mchanga nusu kwa nusu, namwagia maji yanayochemka, naacha ipoe usiku mzima. Ukipuuza hatua hiyo, miche huoza shingo na kuanguka kwa siku moja, na hakuna dawa ya kuirudisha. Mbegu naifunika kwa udongo usiozidi unene wa punje ya mchele. Huota baada ya siku saba hadi kumi na nne. Nunua mbegu mpya kila mwaka: asta hupoteza uhai upesi, na katika joto na unyevu wetu hupoteza upesi zaidi. Zilizobaki huziweka kwenye chupa iliyofungwa vizuri, ndani ya friji.

Sasa udongo. Hapa ndipo wengi wanaoniuliza hukwama. Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, yaani chokaa tupu, na asta hupenda udongo usio na chokaa nyingi. Ukiona majani machanga yamekuwa ya manjano huku mishipa yake imebaki kijani, mmea unakosa madini ya chuma. Chuma kimo ardhini, ila chokaa imekifungia. Basi usitie majivu ya jikoni kwenye kitanda cha asta, hata kama bibi yako aliyatia kwenye mchicha. Majivu huongeza tatizo lilelile. Mimi nainua kitanda kwa matofali mawili, najaza udongo mwekundu, samadi iliyooza kabisa, na mboji ya majani ya mti wa mvinje.

Mvinje nilijifunza kwa kutazama Bamburi, kaskazini ya mji wetu. Mwaka wa 1971 René Haller, mtaalamu wa mimea na mazingira, alianza kupanda miti kwenye machimbo ya saruji, mahali palipokuwa matumbawe makavu yasiyoota chochote. Mvinje ilishika. Majani yake makavu yalikuwa hayaozi mpaka walipoletwa majongoo, wakayala, na kinyesi chao kikawa udongo. Leo pale ni msitu. Nami nikiona jongoo kwenye lundo langu la mboji namwacha afanye kazi yake.

Maji nayo yana neno. Visima vingi vya mjini ni vya chumvi. Ukiona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu, chumvi inajikusanya. Nayakinga maji ya mvua ya mwaka kwenye mapipa, na yakiisha nanunua madumu kwa watu wa mikokoteni, kwa miche tu. Mizizi ya asta iko juujuu, kwa hiyo hailimwi kwa jembe karibu na shina. Magugu yang'oe kwa mkono, kisha tandaza nyasi kavu au makuti yaliyokatwakatwa.

Miche ikishapata majani manne ya kweli naipandikiza alasiri, jua likipungua, kwa nafasi ya sentimita 25 hivi. Upande wa bahari naweka wigo wa makuti, maana kusi hubeba chumvi.

Bado lile bua fupi. Asta hurefusha bua pale siku inapokuwa ndefu. Siku ikiwa fupi hukaa chini kama kabichi changa, kisha hutoa ua hapohapo. Na msimu wetu wa baridi ndio wenye siku fupi zaidi, kwa hiyo kusi hutupa ubaridi na kutunyima urefu. Nilipoelewa hili ndipo nilipopata maua ya kukata. Natundika balbu za LED juu ya kitanda, naziwasha magharibi, nazizima saa nne usiku. Mwanga hauhitaji kuwa mkali, mmea unahesabu muda. Bua likifika kama nusu mita naacha kuwasha, na hapo siku zetu fupi hunisaidia, kwa sababu huharakisha tumba kukomaa. Aina ndefu kama Matsumoto, ya Japani, bila taa hapa ni kupoteza mbegu. Kwa vitanda vya bustani chagua aina fupi, usihangaike na umeme. Ukipata mtu anayetoka India mwagize Kamini au Poornima, zilizozalishwa Bengaluru. Huko asta hulimwa mashambani kwa ajili ya makoja, yaani maua ya kuvaa shingoni.

Mwaka wangu wa tatu nilirudia kupanda kitanda kilekile. Mimea ilikuwa imeshafika magoti, na siku moja nikaona majani ya upande mmoja yamenyauka huku udongo una maji. Nilipokata shina nikakuta mstari wa kahawia ndani. Ni kuvu wa fuzariamu, na akishaingia ardhini hukaa miaka mingi. Niling'oa na kuchoma kila kitu. Tangu hapo asta hairudi kitandani nilipoivuna, na asiye na nafasi namshauri apande kwenye ndoo kubwa zenye matundu, abadilishe udongo kila msimu. Ukiona mmea una majani ya manjano na maua ya kijani yaliyopinda, huo ni ugonjwa mwingine, unaoletwa na vidudu virukavyo vinavyofyonza utomvu. Huo pia ng'oa siku hiyohiyo.

Kata asubuhi kabla ya jua kupanda, pale petali za nje zimefunguka na kitovu bado kimekaza. Tumba lililofungwa kabisa halifunguki ndani ya chombo. Toa majani yote ya chini, kwa sababu majani huchakaa kabla ya ua na huozesha maji. Badilisha maji kila siku mbili, nawe utakuwa nalo juma zima, mara nyingi siku kumi. Mmea ukishatoa maua yake umemaliza, hivyo nasia trei mpya kila wiki mbili.

Watu wa hapa wakipewa ua hulipeleka puani kwanza. Asta haina harufu ya kusema. Mama mmoja anayefunga vikuba, vile vishada vidogo vya kunukia, Mji wa Kale aliniambia, "Mwanangu, rangi umeleta, sasa mpe mwenzake." Tangu hapo shada langu la asta za zambarau na nyeupe hulizungushia asumini na mrihani, na hakuna aliyelirudisha.

Harusi zetu nyingi hufuata mwezi mwandamo, hasa mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, nao hurudi nyuma takriban siku kumi na moja kila mwaka. Asta haijui mwandamo. Bibi arusi akija na tarehe ya Agosti au Septemba namwambia anipe miezi minne na aje achague rangi. Harusi ikiangukia kaskazi, namfungia waridi na asumini.